Cantor: Jamaa aliyepanga nambari foleni, zingine zikakataa

Umewahi kumwona makanga akichungulia ndani ya matatu mara moja tu na kujua gari limejaa? Hahesabu vichwa. Anaangalia kama kuna kiti kitupu, halafu anaangalia kama kuna mtu amekosa kiti. Kama hakuna kiti kitupu wala mtu aliyesimama, basi abiria na viti vinatoshana, iwe gari ni la watu 14 au 33. Amelinganisha bila kuhesabu.

Jambo dogo sana hilo, si ndiyo? Lakini kuna mwanahisabati mmoja aliyelishika hilo hilo na kulisukuma hadi mahali ambapo watu walikuwa wakiogopa kufika kwa zaidi ya miaka 2,000. Lilimletea jina kubwa. Pia lilimtafutia maadui, na jina lenyewe lilikuja kwa kuchelewa. Jamaa huyo ni Georg Cantor, na nataka umjue, hata kama hisabati uliitupa kapuni siku ulipomaliza mtihani wa KCSE.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1845 mjini St Petersburg, Urusi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mzaliwa wa Denmark, na mama yake alitoka katika ukoo wa wanamuziki. Georg mwenyewe alipiga fidla vizuri sana. Mwaka wa 1856 familia ilihamia Ujerumani kwa sababu afya ya baba haikuweza tena baridi ya Urusi.

Sasa hapa huenda ukajiona. Mzee alitaka kijana awe mhandisi. Uhandisi una kazi, una pesa, una heshima. Hisabati tupu itakupeleka wapi? Georg alitaka hisabati. Mwaka wa 1862, akiwa na miaka 17, baba alikubali hatimaye, na barua ya shukrani aliyoandika kijana ipo hadi leo. Ni barua ya mtu aliyetuliwa mzigo mabegani. Mwaka uliofuata baba akafariki.

Georg akaenda kusomea Berlin, ambako walimu wake walikuwa miamba: Weierstrass, Kummer na Kronecker. Hilo jina la tatu liweke akilini. Mwaka wa 1867 alipata shahada yake ya udaktari, na mwaka wa 1869 akaanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Halle, chuo cha kawaida tu katika mji wa kawaida. Alipanga kukaa hapo kwa muda, kisha arudi Berlin kwa wakubwa. Hakurudi. Alikaa Halle maisha yake yote.

Kabla hatujaendelea, hebu kumbuka jinsi ulivyofundishwa nambari. Kwanza zile za kuhesabia: 1, 2, 3 na kuendelea. Halafu ukaongezewa sifuri na zile za chini ya sifuri. Halafu sehemu: nusu, robo, theluthi mbili. Mwishowe ukaambiwa kuna nambari ambazo hata sehemu haziwezi kuziandika, kama kipeuo cha pili cha 2, au pai ile ya kupimia duara, ambazo desimali zake zinaendelea milele bila kujirudia kwa mpangilio. Ukizichora, ni kama sufuria zinavyoingiana kabatini: ndogo ndani ya kubwa, kubwa ndani ya kubwa zaidi.

Na akili ya kawaida inasema sufuria kubwa ina vitu vingi zaidi. Wewe ungesemaje? Nambari za kuhesabia ziko 1, 2, 3, 4. Zile za shufwa ziko 2, 4, 6, 8. Shufwa zimeruka nusu ya zenzake, kwa hivyo lazima ziwe nusu tu. Au?

Mlete makanga wetu. Mpe 1 kiti cha 2. Mpe 2 kiti cha 4. Mpe 3 kiti cha 6, na 100 akalie kiti cha 200. Kila nambari imepata kiti, na hakuna kiti kilichobaki kitupu. Kwa hesabu ya makanga, basi, zinatoshana! Galileo aliona kiini macho cha aina hii mapema, katika kitabu chake cha mwaka 1638, na akaamua kwamba maneno kama zaidi, pungufu na sawa hayafai kutumiwa kwa vitu visivyo na mwisho. Akafunga mlango na kuondoka zake. Cantor ndiye aliyeufungua tena na kuingia. Alisema kama vitu vimepatana mmoja kwa mmoja, basi ni sawa kwa wingi, hata kama akili yako inakataa.

Sehemu je? Hapo mambo yanaonekana magumu, kwa sababu kati ya sehemu mbili zozote kuna nyingine, na kati ya hizo kuna nyingine tena. Kati ya nusu na theluthi peke yake kuna sehemu zisizo na idadi. Utazipangaje foleni? Ukianza na iliyo ndogo kuliko zote, haipo. Ujanja ni kuacha kuzipanga kwa ukubwa. Jumlisha nambari ya juu na ya chini. Anza na zile ambazo jumla ni 2: iko moja tu, 1/1. Halafu zile ambazo jumla ni 3: 1/2 na 2/1. Halafu jumla 4: 1/3 na 3/1, huku 2/2 ukiiruka kwa sababu imeshapita ikijiita 1/1. Kila kundi lina sehemu chache tu, na kila sehemu duniani ina kundi lake. Subiri tu, zamu yake itafika. Kwa hivyo sehemu zote nazo zinaingia foleni moja: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ni nyingi sawasawa na nambari za kuhesabia.

Hadi hapo ungeweza kusema sawa basi, kisicho na mwisho ni kisicho na mwisho tu, vyote ni kimoja. Ndivyo karibu kila mtu alivyodhani.

Mwaka wa 1872, akiwa likizoni Uswizi, Cantor alikutana na Richard Dedekind, mwanahisabati mwingine Mjerumani, mtulivu, aliyemzidi miaka 13. Wakawa marafiki wa barua. Mwishoni mwa Novemba 1873 Cantor alimwandikia akimuuliza swali rahisi kulisema: nambari zote za kwenye mstari, yaani sehemu pamoja na zile zenye desimali za ajabu, je, nazo zinaweza kupangwa foleni? Dedekind hakuwa na jibu. Ila alimrudishia kitu kingine: uthibitisho kwamba hata vipeuo, na kila nambari inayoweza kuwa jibu la mlinganyo kama ule wa kutafuta x wenye nambari nzima tu, zote zinakubali foleni.

Tarehe 7 Desemba 1873, siku chache tu baadaye, Cantor akawa na jibu la swali lake. Hapana. Nambari za mstari hazipangiki. Hata upange foleni ndefu isiyo na mwisho, kuna zitakazobaki nje, na zinazobaki nje ndizo nyingi. Kuna kisicho na mwisho kikubwa kuliko kisicho na mwisho kingine.

Makala yake ilitoka mwaka wa 1874, kurasa chache tu, na kichwa chake kilizungumzia zile nambari za milinganyo peke yake, kana kwamba bomu lenyewe halimo ndani. Ni kama gazeti lipate habari ya serikali kuanguka halafu liiandike chini ya kichwa cha bei ya sukuma wiki. Wanahistoria wengi huona ilikuwa tahadhari, maana wahariri wa jarida hilo walikuwa Berlin, na Berlin kulikuwa na Kronecker.

Na hapa nisimpambe mtu wangu. Ule uthibitisho wa Dedekind uliingia katika makala hiyo karibu kama ulivyokuwa kwenye barua, na jina la Dedekind halimo. Dedekind hakupiga kelele, aliandika tu kumbukumbu yake akaiweka. Mimi naona lilikuwa kosa la wazi, na haliondolewi na ukubwa wa kazi iliyobaki.

Lakini angalia makala ile ilisema nini kuhusu nambari ulizosoma shuleni. Kama sehemu zinapangika, na vipeuo vinapangika, na mstari mzima haupangiki, basi mstari umejaa nini? Umejaa nambari zisizo jibu la mlinganyo wowote wa aina ile. Wakati huo watu walikuwa wamezithibitisha chache mno. Mfaransa Liouville alitengeneza za kwanza mwaka wa 1844, na pai yenyewe ilikuja kuthibitishwa kuwa ya kundi hilo mwaka wa 1882. Zilionekana kama vituko. Cantor alionyesha kwamba vituko ndivyo karibu kila kitu, na zile nambari tulizozoea ni wageni wachache waliotapakaa katikati ya umati.

Mwaka wa 1874 pia ndio alimwoa Vally Guttmann, na hata fungate yao ilikuwa na muda wa kuongea hisabati na Dedekind. Walijaliwa watoto sita. Mwaka wa 1877 akapata jibu jingine la kushangaza: vitone vilivyo kwenye mstari mfupi ni vingi sawasawa na vitone vya mraba mzima. Wazo lake la kwanza lilikuwa rahisi. Kitone cha mraba kinahitaji nambari mbili, moja ya kwenda kando na moja ya kwenda juu. Chukua tarakimu zao kwa zamu, moja huku na moja kule, uzisuke kama nywele, zitakupa nambari moja. Dedekind akamwonyesha tundu, linalotokana na kwamba nambari nyingine zina njia mbili za kuandikwa kwa desimali, kama 0.5 na 0.4999 isiyokwisha. Cantor akaliziba kwa njia nyingine. Alimwambia rafiki yake waziwazi kwamba anauona uthibitisho lakini moyo unakataa kuuamini.

Makala hiyo ilikawia kuchapishwa hadi 1878, na Cantor aliamini kuna mtu anayeikalia.

Mtu huyo kwa maoni yake alikuwa Leopold Kronecker, mwalimu wake wa zamani. Tumtendee haki: Kronecker hakuwa mjinga wala mhuni. Aliamini hisabati yote lazima ijengwe kwa nambari nzima, kwa hatua zenye kikomo, na kwamba kitu usichoweza kukifikia kwa hatua hizo hakina haki ya kuitwa kitu. Ukimwambia juu ya kundi zima lisilo na mwisho, likikaa hapo kama kitu kimoja, yeye alisikia porojo. Msimamo wa aina hiyo una wafuasi wenye akili hata leo. Shida ni kwamba alikuwa na nguvu Berlin, na alimsema vibaya mwanafunzi wake wa zamani mbele za watu. Cantor alipandishwa kuwa profesa kamili Halle mwaka wa 1879, akiwa na miaka 34, lakini mlango wa Berlin ulibaki umefungwa.

Wakati huo alikuwa na swali jipya, na hili ndilo lililomla. Tuna wingi wa nambari za kuhesabia. Tuna wingi mkubwa zaidi wa nambari za mstari. Je, kuna wingi wowote wa katikati? Kundi linaloshinda foleni lakini haliufikii mstari? Cantor alihisi hakuna. Kuhisi si kuthibitisha. Mwaka wa 1884 alidhani amepata uthibitisho, halafu ukaanguka. Baadaye mwaka huo huo akadhani amethibitisha kinyume chake, nao ukaanguka. Wakati wa kiangazi mwaka huo alipata mshtuko wake wa kwanza mkubwa wa akili. Barua zake kwa Gösta Mittag-Leffler, mwanahisabati wa Uswidi aliyekuwa mhariri wa jarida lililokuwa likimchapisha, zilijaa hasira dhidi ya Kronecker.

Halafu mwaka wa 1885 Mittag-Leffler mwenyewe, rafiki, akamwomba aondoe makala moja iliyokuwa tayari inapangwa kwa uchapishaji, akimweleza kwamba imewahi wakati wake kwa miaka 100 hivi. Labda alifikiri anamsaidia. Cantor alisikia mlango mwingine ukifungwa, na hakuchapisha tena katika jarida hilo.

Watu hupenda kusema Kronecker alimfanya Cantor mgonjwa, au kwamba kufikiria visivyo na mwisho kulimvuruga akili. Hadithi tamu, lakini sidhani ni ya kweli. Watafiti wa baadaye wengi huona alikuwa na ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, ambao ungemjia hata kama angeuza duka la nguo. Maadui waliongeza uzito tu. Alipokuwa mzima alifanya kazi nzuri, alipougua hakuweza, ndiyo hali yenyewe. Katika vipindi vingine aliacha hisabati kabisa akajitosa kuthibitisha kwamba tamthilia za Shakespeare ziliandikwa na Francis Bacon, na akachapisha vijitabu juu ya hilo.

Lakini hakukaa akilia. Alichoka wakubwa wachache kuamua nani asomwe, akawa mmoja wa walioanzisha chama cha wanahisabati wa Ujerumani mwaka wa 1890, na yeye akawa rais wake wa kwanza. Mkutano wa mwaka wa 1891 ulifanyika kwake Halle, na unajua alimwalika nani kuzungumza? Kronecker. Mzee hakuweza kuja kwa sababu alifiwa na mkewe, na mwisho wa mwaka huo naye akafariki.

Ni mwaka huo wa 1891 ambapo Cantor alitoa uthibitisho mpya, mfupi kuliko ule wa 1873, na huu unaweza kuufanya nyuma ya risiti ya supamaketi. Yeye alitumia alama mbili tu, lakini tuuweke kwa desimali. Mtu anakuja anajigamba kwamba amepanga foleni nambari zote kati ya 0 na 1. Ya kwanza ni 0.7182 na kuendelea. Ya pili 0.3333 na kuendelea. Ya tatu 0.5000. Ya nne 0.1415. Usibishane naye. Chukua tarakimu ya kwanza ya nambari ya kwanza, ya pili ya nambari ya pili, ya tatu ya nambari ya tatu, ukishuka kimshazari: 7, 3, 0, 5. Sasa badilisha kila moja: ukikuta 5 andika 6, ukikuta nyingine yoyote andika 5. Unapata 0.5556, na unaendelea hivyo hivyo bila kuacha.

Muulize sasa nambari hii yako iko wapi kwenye foleni yake. Si ya kwanza, maana inatofautiana nayo katika tarakimu ya kwanza. Si ya pili, inatofautiana katika ya pili. Si ya milioni moja, inatofautiana katika ya milioni moja. Haipo. Akiiongeza mwanzoni mwa foleni, unarudia kazi ile ile na kumletea nyingine. Na njia hiyo ilimwonyesha Cantor zaidi: kila wingi usio na mwisho una mwingine unaouzidi, ngazi isiyo na kidato cha mwisho. Wingi mdogo kuliko wote, ule wa nambari za kuhesabia, aliupa herufi ya Kiebrania alef yenye sifuri chini yake.

Wakati huo dunia ilikuwa inaanza kumgeukia. Mwaka wa 1897 wanahisabati wa mataifa walikutana Zurich, na kazi yake ilisifiwa ukumbini. Mwaka wa 1900 David Hilbert alitoa orodha ya maswali makubwa ya karne mpya, na la kwanza kabisa lilikuwa lile swali la Cantor la wingi wa katikati. Lakini nyumbani kulikuwa na giza. Desemba 1899, siku alipokuwa Leipzig akitoa mhadhara kuhusu Bacon na Shakespeare, mwanawe wa mwisho, Rudolph, aliyekuwa na kipaji cha muziki, alifariki akiwa na miaka 12. Baada ya hapo alilazwa hospitalini mara kwa mara.

Mwaka wa 1904, mjini Heidelberg, Julius König alisimama mbele ya mkutano akadai amethibitisha kwamba Cantor alikosea. Cantor alikuwa ukumbini, na mabinti zake pia. Alijisikia ameaibishwa hadharani. Muda mfupi baadaye Ernst Zermelo akaonyesha kwamba uthibitisho wa König una kasoro, lakini maumivu yalishaingia.

Alistaafu mwaka wa 1913. Sherehe ya kimataifa ya kutimiza miaka 70 mwaka wa 1915 ilizimwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Juni 1917 alilazwa tena Halle, wakati Ujerumani ikiwa na njaa ya vita na chakula cha hospitali kikiwa haba. Alimwandikia mkewe akiomba arudishwe nyumbani. Hakurudishwa. Tarehe 6 Januari 1918 moyo wake ulisimama.

Swali lake lilibaki. Mwaka wa 1940 Kurt Gödel alichapisha uthibitisho kwamba, kwa kanuni za kawaida ambazo hisabati ya leo imejengwa juu yake, huwezi kuonyesha kwamba Cantor alikosea. Mwaka wa 1963 Mmarekani Paul Cohen akathibitisha upande wa pili: kwa kanuni hizo hizo, huwezi kuonyesha kwamba alikuwa sahihi. Kanuni zenyewe zimenyamaza. Kwa hivyo lile lililomnyima usingizi mwaka wa 1884, akilipata asubuhi na kulipoteza jioni, halikuwa na jibu ambalo angelifikia kwa njia hizo, hata angekaa mezani miaka 100. Kuna wanahisabati leo hii wanaotafuta kanuni mpya za kuongezea ili swali lipate jibu. Hawajakubaliana ni zipi.